Kiinimacho si Pensheni

Wathamini wa sanaa wana swali moja tu: ni kazi halisi au ni nakala? Ukishajibiwa hilo, umemalizana nao. Mimi nasema swali hilo ni la kivivu, na ushahidi ninao ukutani.

Shosho aliniachia Waterfall, picha ambayo Mholanzi M. C. Escher aliichora mwaka wa 1961. Ndani yake maji yanafuata mfereji unaoonekana kuteremka, halafu, ebo, yako juu tena, yanaanguka na kuzungusha gurudumu. Kiinimacho safi.

Mthamini mmoja hapa Nairobi aliikagua kwa lenzi akaona vitone vya wino vilivyojipanga mistari. Picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe, jinsi Escher alivyochapa yake, haina vitone hivyo. Bango la kiwandani ndilo linavyo. "Hapa unauza fremu tu," akasema. Sawa. Kuhusu karatasi sibishani naye.

Lakini shosho hakununua bango hilo dukani. Alipewa na waajiri wake mwaka wa 2012, walipokuwa wanarudi kwao Ulaya, baada ya miaka kumi na tisa ya kuwafulia, kuwapikia na kuwalelea watoto. NSSF hawakumwekea hata shilingi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi kama huyo, kazi inapokatizwa, haki ya malipo kwa kila mwaka aliotumikia. Yeye alipewa bango, tena akatarajiwa kushukuru.

Utaniambia walimpa kwa moyo safi. Pengine. Moyo safi haununui dawa za presha.

Kwa hivyo thamani ya bango hili ni miaka kumi na tisa ambayo haikulipwa. Hiyo haionekani kwa lenzi.

Na kuna jambo lingine. Kila mgeni wangu hushangaa maji. Hebu shusha macho: mle ndani kuna mwanamke anaanika nguo. Maji ya Escher yanapanda mlima bila msukumo wa mtu, lakini zile nguo lazima kuna mtu aliyezifua. Hakuna anayemuuliza huyo analipwa na nani.

Wewe unayemwita dada wa kazi "anti", halafu mwisho wa mwezi unamwambia angoje kidogo: usimtafutie zawadi. Mlipe. Na NSSF yake umwekee.