Mume Amebadili Kazi, Viza Imesogezwa Mbele



Mwezi huu najibu swali la dada mmoja aliye Moshi na mtoto wa miaka miwili. Mumewe ni raia wa Uingereza, naye yuko kule Leicester. Walikubaliana kupeleka ombi la viza ya mke mwezi huu. Sasa mume amepata kazi yenye mshahara mkubwa zaidi, lakini amemwambia, “Tungoje miezi mitatu.” Majirani wamekwisha kusema yao: mshahara umepanda, halafu anakwambia usubiri? Huyo amepata mwingine! Dada huyu halali, wala hali vizuri.

Mimi ni muuguzi, si mwanasheria. Lakini akina mama wengi wa namna hii hufika kliniki presha imepanda, nami nimejifunza kwamba dawa ya kwanza ya hofu ni kujua jambo lenyewe. Basi tulitazame.

Sheria inasemaje?

Tangu Julai 2012, raia wa Uingereza, au mtu mwenye kibali cha kuishi huko daima, anayetaka kumleta mwenzi wake, sharti aonyeshe kipato cha kiwango fulani. Mwanzoni kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa hadi pauni 29,000 kwa waombaji wapya. Hiyo ni karibu pauni 2,417 kila mwezi, kabla ya kukatwa kodi. Wauguzi na wengine walio huko kwa viza ya kazi wana utaratibu mwingine. Hapa hatuzungumzii hao.

Mume akiwa huko na mke akiwa hapa, kinachohesabiwa ni mshahara wa mume. Mshahara wako wa ualimu au faida ya duka lako havihesabiwi, hata viwe vikubwa namna gani.

Kwa nini kubadili kazi kunachelewesha?

Zipo njia mbili za kupima mshahara. Ya kwanza ni ya mtu aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi. Huyu huonyesha hati za mshahara za miezi 6, na kwa mwenye mshahara maalumu, kiwango cha chini kabisa ndani ya miezi hiyo ndicho kinachopimwa.

Ya pili ni ya mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Huyu hupimwa mara mbili: mshahara wa sasa ufikie 29,000 kwa mwaka, na tena fedha alizopokea kweli katika miezi 12 iliyopita nazo zifikie 29,000.

Tuchukue mfano. Mume alikuwa ghalani akilipwa pauni 1,900 kwa mwezi. Sasa anaendesha basi kwa pauni 2,600, na ametimiza miezi 3. Kwa mwaka mshahara mpya ni 31,200. Kipimo cha kwanza amepita. Lakini jumlisha miezi 12 iliyopita: miezi 9 ya ghalani ni 17,100, na miezi 3 ya basi ni 7,800. Jumla ni 24,900. Amepungukiwa pauni 4,100, na ombi litakataliwa.

Akingoja miezi 3 tu, atakuwa na miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Hapo ataingia njia ya kwanza na kupita, wala mshahara wa ghalani hautaulizwa tena. Kwa hiyo, dada yangu, maneno ya mumeo yanaweza kuwa kweli tupu. Kuharakisha kuna gharama: ada ya ombi, ambayo kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 1,938, hairudishwi ombi likikataliwa baada ya kushughulikiwa.

Mfanye nini wakati wa kungoja?

Kwanza, mwombe mumeo akutumie barua ya ajira yenye tarehe aliyoanza, na hati za mshahara kila mwezi. Usiombe kama polisi. Mwambie, “Tuweke faili letu pamoja.” Mume mwenye nia njema atafurahi, na wewe utahesabu miezi badala ya kuhesabu maneno ya majirani.

Pili, mshahara uingie benki, na taarifa za benki zilingane na hati hizo. Mtakapopeleka ombi, hati za mwisho ziwe hazijapita siku 28. Iwepo pia barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na muda aliofanya kazi.

Tatu, asibadili kazi tena kabla ya ombi, maana miezi 6 itaanza upya.

Nne, mkatae kabisa mtu anayejitolea kuwatengenezea hati. Udanganyifu ukigunduliwa, mwombaji anaweza kufungiwa kuingia Uingereza kwa miaka 10. Miezi 3 si kitu mbele ya hiyo. Pia mshauri mtakayemlipa huko awe wakili au mtu aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority.

Kama kipato hakifikii hata baada ya kungoja, msikate tamaa bado. Akiba ya benki iliyokaa miezi 6 inaweza kusaidia, ingawa lazima izidi pauni 16,000. Hali ya mtoto nayo hutazamwa. Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Uingereza ilisisitiza jambo hilo mwaka 2017. Hapo ndipo penye kazi ya mwanasheria.

Na ninyi majirani na mawifi, mkimwona mwenzenu anangoja, mpelekeeni uji na mumshikie mtoto apumzike. Maneno anayo ya kutosha.

Dada, kula, lala, na anza faili leo.