Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, kuna watu husema ati programu ikiachwa wazi kila mtu aisome, basi iko salama. Mimi nakataa katakata. Kuruhusiwa kusoma si kusoma!

Hebu tutazame OpenSSL, programu ya bure inayogeuza habari za siri kuwa fumbo zinapopita kwenye intaneti. Machi 2012 toleo lake jipya lilitoka na kosa. Kosa hilo lilikaa humo miaka miwili, hadi Aprili 2014 lilipotangazwa kwa jina la Heartbleed. Mwizi angeweza kuchota maneno ya siri ya watu bila kuacha alama. Makampuni tajiri yaliitumia, ilhali michango yake ilikuwa dola 2,000 hivi kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeifanya kazi yake ya kila siku.

Baada ya aibu hiyo ndipo makampuni yakachanga na wasimamizi wakaongezwa.

Jamani, ni kama mfereji wa bweni: wote twanywa, lakini ukivuja kila mmoja asema, "Si wangu." Cha wote kinahitaji watunzaji wanaojulikana. Ukitumia, tunza!