Moshi wa Rybnik watoka nyumbani

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo unaulenga barabara mji wa Rybnik, ulioko kusini mwa Poland katika jimbo la Silesia, si mbali na mpaka wa Jamhuri ya Czech. Ni mji wa wastani tu, wenye wakazi wapatao 130,000, uliokua juu ya machimbo ya makaa ya mawe. Kwa miaka mingi jina lake limekuwa likitajwa kila panapoorodheshwa miji yenye hewa chafu kabisa katika Umoja wa Ulaya. Mnamo Januari 2017 hewa ilichafuka hata shule na vituo vya watoto wadogo vikafungwa kwa muda. Havikufungwa kwa ajili ya vita wala maradhi ya kuambukiza. Vilifungwa kwa kuwa mtoto hangeweza kutoka mlangoni kwao hadi darasani pasipo kuvuta sumu.

Mtu asiyeijua Silesia atadhani mara moja kwamba hatia ni ya viwanda. Hata sisi huku, tulipokuwa tukibishana juu ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, mpaka leseni yake ya mazingira ikafutwa mwaka 2019, fikira zetu zote zilikuwa juu ya dohani moja ndefu. Rybnik nayo ina mtambo wake wa umeme na dohani zake ndefu, na sitasema kwamba moshi wake ni marashi. Lakini dohani ndefu ina vichujio, hupimwa, na huutupa moshi wake juu sana ambako upepo huuchukua na kuutawanya. Moshi unaowakaba watu wa Rybnik wakati wa baridi hutoka katika maelfu ya dohani fupi zilizo juu ya mapaa ya nyumba zao wenyewe.

Wapolandi wana jina la kejeli wanaloliita tanuri linalotoa moshi huo: kopciuch. Ni tanuri kuukuu la chuma, aghalabu limewekwa katika chumba cha chini ya nyumba, ambalo huchemsha maji yanayozungushwa kwa mabomba ili kupasha vyumba joto. Mwenye nyumba hulijaza makaa kwa sepetu jioni, akapunguza hewa inayoingia ili moto usiishe upesi, kisha akaenda kulala. Hapo ndipo balaa inapoanza. Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hayawaki, hufuka. Lami na gesi ambazo zingeungua katika moto mkali hupanda dohani zikiwa mbichi, zikatoka kama moshi mzito wa rangi ya manjano au kijivu. Yeyote aliyewahi kulifunika jiko la makaa kabla halijashika moto ataelewa ninalolisema. Na ikiwa aliyelijaza tanuri hilo ametia vumbi la makaa lenye unyevu, au kuni mbichi, au mbao za samani zilizopakwa rangi, au chupa za plastiki, basi moshi huo huwa na mambo ambayo haifai hata kuyataja mezani.

Hali ya nchi nayo inasaidia uovu. Mji umekaa bondeni, na katika usiku wa baridi usio na upepo hewa nzito iliyo baridi hutuama chini, hali juu yake imetanda hewa yenye joto zaidi kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa dohani fupi hauna nguvu ya kukipenya kifuniko hicho. Hubaki papo hapo, kwenye kimo cha madirisha ya vyumba vya kulala, ukirudi ndani ya nyumba ulikotoka na kuingia katika nyumba ya jirani ambaye huenda hata hachomi makaa. Ndiyo maana hewa ya Rybnik huwa mbaya zaidi saa za jioni na usiku, wakati ambapo watu wamerudi kazini na matanuri yamejazwa.

Sheria ya Ulaya inayofuatwa tangu mwaka 2005 inasema kwamba chembe za vumbi la moshi, zile zisizozidi sehemu kumi za elfu za milimita, zisipite wastani wa mikrogramu 50 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa kwa siku, na kwamba kipimo hicho kisivukwe zaidi ya siku 35 kwa mwaka. Katika miaka yake mibaya Rybnik imevuka zaidi ya maradufu ya siku hizo. Na hata hivyo, hadi mwaka 2019, serikali ya Poland ilikuwa haipigi king'ora cha hatari mpaka kipimo kifike mikrogramu 300, yaani mara sita ya kile cha Ulaya! Mwaka huo ndipo ikashuka hadi 150. Ni kama mzazi anayengoja nyumba nzima ishike moto ndipo awaamshe watoto.

Mnamo Februari 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Poland ilikuwa imevunja sheria hiyo mfululizo tangu 2007 hadi 2015. Tukumbuke kwamba chembe hizi si masizi tu ya kufutwa kwa kitambaa. Zilizo ndogo kabisa hupita mapafuni zikaingia katika damu, zikaudhuru moyo na ubongo. Pamoja nazo huja benzopireni, sumu inayosababisha saratani, ambayo Rybnik imekuwa ikiipata kwa mara kadhaa ya kiasi kinachoruhusiwa. Shirika la Mazingira la Ulaya, katika taarifa zake za miaka ya 2010, lilikadiria kwamba vifo vya mapema vinavyotokana na chembe hizo nchini Poland vilizidi 40,000 kwa mwaka. Hao ni watu wa kujaza mji mdogo, na kila mwaka wanazikwa pasipo kengele ya msiba wa taifa.

Sasa ni nani alaumiwe? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Wako wanaosema kwamba kwa kuwa moshi watoka nyumbani, basi lawama ni ya wenye nyumba, na serikali haina mkono. Hoja hii ina sura ya kweli, na ndiyo maana ni ya hatari. Ni kweli kwamba anayetia chupa za plastiki katika tanuri ni mkosaji, na anastahili faini. Lakini mtu huyo hakujichimbia makaa mwenyewe wala kulifua tanuri lake mwenyewe.

Huko Silesia makaa ya mawe si bidhaa tu, ni nasaba. Baba alichimba, babu alichimba, na mchimbaji alipewa makaa kila mwaka kama sehemu ya ujira wake, haki aliyoendelea nayo hata baada ya kustaafu. Kila tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara, wachimbaji huvaa sare zao nyeusi na kofia zenye manyoya, bendi zikapiga muziki na watu wakaenda kanisani. Sherehe hiyo huangukia katikati ya msimu wa moshi. Serikali moja baada ya nyingine, za zamani na za sasa, zimemwambia mtu huyo kwamba makaa ndiyo dhahabu nyeusi ya taifa. Kwa miaka mingi wachuuzi waliruhusiwa kumuuzia hata takataka za machimbo, matope ya makaa ambayo mtambo wa umeme wenyewe ungeyachagua kwa uangalifu, pasipo kanuni yoyote ya ubora. Ilikuwa mwaka 2018 tu ambapo sheria ya ubora wa makaa ya majumbani ilipitishwa, na Julai mwaka huo huo ambapo uuzaji wa matanuri ya kopciuch ulipigwa marufuku. Je, ni nani aliyelala hadi wakati huo, mwenye nyumba au serikali?

Mkazi mmoja wa Rybnik aliliuliza swali hilo mahakamani. Aliishtaki hazina ya serikali mwaka 2015, akidai kwamba hewa ya mji wake ilikuwa imemnyima haki zake. Mahakama ya kwanza ilimtupilia mbali dai lake mwaka 2018. Akakata rufani. Mnamo Mei 2021 Mahakama ya Juu ya Poland ikatoa kauli ambayo wanasheria wataisoma kwa miaka mingi. Ilisema kwamba haki ya kuishi katika mazingira safi peke yake haimpi mtu dai la fidia, lakini afya yake, uhuru wake na faragha yake zinampa, nazo zinaweza kuvunjwa na hewa chafu. Desemba mwaka huo mahakama ya Gliwice ikaamuru alipwe zloti 30,000. Fedha hizo si nyingi. Lakini kuanzia siku hiyo serikali haiwezi tena kusimama nyuma ya dohani ya raia na kusema, si mimi.

Dawa inajulikana, na haki inadai niseme kwamba imeanza kutumiwa. Mwaka 2017 bunge la jimbo la Silesia lilipiga marufuku kuchoma matope ya makaa, makaa ya kahawia na kuni mbichi, likaweka na tarehe za kuyaondoa matanuri mabovu: yaliyozidi umri wa miaka kumi yaondoke kufikia mwisho wa 2021, na mengine yafuate kwa zamu hadi mwisho wa 2027. Mwaka 2018 serikali kuu ikaanzisha mpango uitwao Czyste Powietrze, maana yake Hewa Safi, wa kuwasaidia wenye nyumba kubadili matanuri na kuziba kuta zisipoteze joto. Fedha zilizotajwa zilikuwa zloti bilioni 103 kwa miaka kumi. Idadi ya siku mbaya katika Rybnik imeshuka sana tangu majira yale ya 2017. Anayesema kwamba hakuna kilichofanyika anasema uwongo.

Lakini tazama jinsi mkono mmoja ulivyokuwa ukijenga na mwingine ukibomoa. Mpango huo huo wa Hewa Safi uliendelea kutoa ruzuku ya kununua matanuri mapya ya makaa hadi mwisho wa 2021. Tarehe ya kwanza ya kuyaondoa matanuri kuukuu ilipofika, maelfu yalikuwa yangali chini ya nyumba yakifuka, kwa kuwa wakaguzi ni wachache na diwani hapendi kumtoza faini mpiga kura wake. Kisha ikaja vita ya Urusi nchini Ukraine mwaka 2022, makaa ya Urusi yakapigwa marufuku, bei ikaruka. Serikali ikafanya nini? Ikazisimamisha kwa muda kanuni zile zile za ubora wa makaa, ikampa kila mwenye tanuri la makaa zloti 3,000 ya kununulia mafuta hayo, na kiongozi wa chama tawala, Jarosław Kaczyński, akatamka hadharani kwamba wakati huo watu wachome karibu kila kitu isipokuwa matairi na vitu kama hivyo. Mwaka 2024 mpango wa Hewa Safi wenyewe ulisimamishwa mwezi Novemba, majira ya baridi yakiingia, haukurudi mpaka mwisho wa Machi 2025. Mwananchi aliyekuwa ameanza kuamini afanyeje?

Wengine watanijibu kwamba maskini lazima aote moto. Naam, lazima, wala sina neno na hilo. Mwenye nyumba ya kuta zinazovuja joto, akilazimishwa kununua pampu ya joto pasipo kuta zake kuzibwa, atafilisika kwa bili ya umeme, na atakuwa na haki ya kuwalaani wote waliomshauri. Ndiyo sababu nasema marufuku pekee ni ukatili, na ruzuku pekee ni fedha ya kutupa. Jirani yao Kraków, ulio mji mkubwa zaidi, uliyafunga mambo mawili hayo pamoja. Marufuku yake ya kwanza ya mwaka 2013 yalibatilishwa mahakamani. Sheria ya nchi ikabadilishwa mwaka 2015 kwa shinikizo la wakazi wenyewe. Na kuanzia Septemba 2019 hakuna ruhusa ya kuchoma makaa wala kuni katika mji huo. Lakini kabla ya siku hiyo kufika, mji ulikuwa umetumia miaka kadhaa kuwalipia watu gharama ya kubadili, na waliobaki na bili kubwa wakapewa msaada. Hewa ya Kraków imekuwa nafuu mno. Uchafu unaobaki hutokana na magari yake, na na moshi wa vijiji vinavyouzunguka, ambavyo marufuku ya mji hayavifikii.

Rybnik haihitaji mpango mwingine wenye jina zuri. Tarehe zimekwisha kuandikwa, na mahakama imekwisha kusema. Kinachotakiwa ni mkaguzi anayegonga mlango akiwa na karatasi mbili mkononi, moja ya faini na nyingine ya msaada, na asiyeondoka mpaka moja kati ya hizo itiwe sahihi. Na msaada huo ulipwe kabla kazi haijaanza, kwa maana mstaafu asiye na akiba hawezi kumlipa fundi kwanza kisha akangoja miezi hazina imrudishie. Serikali iliyopata zloti 3,000 za kumpa kila mwenye tanuri anunue makaa mwaka 2022 haiwezi kudai kwamba haina za kumbadilishia mjane wa Rybnik tanuri lake kabla ya baridi ijayo.