Msiisingizie Lenzi

Lipo dai ambalo wapiga picha wetu hulirithishana kama wasia: lenzi ndefu hubana vitu, lenzi pana huvitenganisha. Nasema dai hilo ni batili, tena limekuwa kichaka cha kujifichia.

Uwiano wa kitu cha mbele na cha nyuma huamuliwa na mahali aliposimama mpiga picha, basi. Chukua milango miwili ya kimo kimoja katika kichochoro cha Mji Mkongwe, mmoja uwe mita 2 mbele yako, wa pili mita 4. Wa kwanza utaonekana mkubwa mara mbili. Rudi nyuma mita 18: sasa ni mita 20 na 22, na tofauti imebaki sehemu moja katika kumi. Hukugusa lenzi, umehamisha nyayo. Asiyeamini na asimame pale pale, apige kwa lenzi ya milimita 28, kisha ya milimita 200, halafu aikuze sehemu ya kati ya picha ya kwanza. Itakuwa na ukungu, lakini milango itakaa vile vile. Lenzi huchagua tu ni kiasi gani cha dunia kiingie.

Mwezi wa Aprili 2020, siku za korona, wapiga picha wawili wa Denmark walionyesha jambo hili mjini Copenhagen. Watu wale wale, wakipigwa kwa mbali kufuata mstari wao, walionekana wamebanana kama dagaa chanoni; wakipigwa kwa ubavuni, kila mmoja ana nafasi yake. Wengi wakailaani lenzi. Mbona hawakuuliza mpigaji alisimama wapi?

Linalonikera khasa ni hili. Mzee amekaa barazani pake, na mtu yu mwisho wa kichochoro amemlenga kwa milimita 200. Picha inatoka mzee kagandana na mlango wa jirani, nyaya za umeme zimekaa juu ya kofia yake. Ukiuliza, ati lenzi imebana. Imebana wapi? Ni yeye aliyeona tabu kusema hodi. Angesogea hadi mita 2, baraza ingemjia mtazamaji na mlango ungerudi kwake nyuma. Na mzee angemwitikia salamu, au angemfukuza. Lolote kati ya hayo lingeonekana usoni pake.