Tasnifu Haina Shangazi

Kazi ina bosi. Harusi ina kamati. Tasnifu ya uzamili haina mtu. Haina shangazi wa kupiga simu saa tatu usiku kuuliza imefika wapi. Haina fundi ambaye ameshakata kitambaa, wala mwenye hema anayetaka malipo ya kwanza kufikia Ijumaa. Ndiyo maana dada wa Nairobi anayefanya kazi mchana, anayesoma jioni na anayepanga kuolewa Desemba, siku zikimbana, sote tunajua mapema ni kipi kitaachwa. Atasema, "Nitarudi mwaka ujao," na sisi wenzake tutapiga vigelegele na kuuliza rangi ya harusi ni gani.

Mwaka ujao ukifika ana deni la harusi, pengine na mtoto tumboni, na sura ya tatu bado imelala kwenye laptopu pale pale alipoiacha.

Mimi napinga. Na kabla sijaenda mbali, naomba tuache ile sifa tunayopeana kila mara: "Wewe ni ngangari, unaweza yote." Anayesifiwa hivyo huwa amebeba mizigo mitatu, na anayemsifu huwa mikono mitupu. Hakuna anayemwambia mwanamume anayeoa kwamba ni ngangari kwa sababu alienda kazini na darasani wiki moja kabla ya harusi. Kwake hiyo ni wiki ya kawaida.

Watu wanasema "kupanga harusi" kana kwamba ni kuchagua maua. Hebu tuihesabu hiyo kazi. Kwanza, harusi ya Kenya si siku moja. Kama ni kwa Wakikuyu kuna kuhanda ithigi, kuna ruracio, kuna ngurario. Kwa Wakamba kuna mbuzi wa ntheo. Kwa Wajaluo kuna ayie. Kila moja ya hizo ni safari ya kwenda mashambani, ni magari, ni nguo za kushona, ni wapishi, ni viti, ni kujua nani amealikwa na nani ataudhika. Kisha kuna kanisa: masomo ya wachumba wiki baada ya wiki, barua za kutoka parokia moja kwenda nyingine, matangazo ya ndoa kusomwa Jumapili. Kisha kuna kamati, ambayo inastahili aya yake.

Kamati ya harusi ni kikundi cha WhatsApp chenye watu mia na kitu, ambao kumi hivi ndio wanatoa pesa. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Inakutana mjini kila wiki kwenye hoteli fulani ambapo kila mtu anajinunulia chai, na inakaa mpaka saa tatu ikijadili kama keki iwe ya tabaka nne au sita. Ina orodha ya ahadi inayorudiwa kila asubuhi: fulani elfu mbili, fulani elfu tano, "Mungu awabariki, tusonge mbele." Mwishowe inaandaa ile karamu ya kuchangisha ambapo kipande cha keki kinapigwa mnada, mnunuzi analipa elfu kumi, anapigiwa makofi, halafu anaombwa akirudishe kiuzwe tena. Mimi nimekaa kwenye kamati kadhaa, na sisemi hazina raha. Zina raha sana. Lakini uliza nani anayeweka hesabu za Excel, nani anayempigia mwenye ukumbi, nani anayejua ukubwa wa kiatu cha kila mpambe, nani anayemtumia mpiga picha ramani ya Arboretum. Mwenyekiti ni mjomba wa bwana harusi, naam. Kazi ni ya bibi harusi.

Na hiyo ni kazi kama kazi nyingine yoyote ile. Kuna kampuni hapa mjini zinazolipwa kuifanya. Mtu akiifanya kwa mshahara tunamwita mratibu wa sherehe na ana kadi ya biashara. Bibi harusi akiifanya saa sita usiku, kesho yake ana ripoti ya ofisi na keshokutwa ana mtihani, tunaita mapenzi.

Sasa tuweke kalenda mezani. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, baada ya kutumikia miezi 12. Sheria hiyo inataja likizo ya uzazi, miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba. Likizo ya kuoa au kuolewa haimo. Likizo ya mtihani haimo. Kwa hiyo zile siku 21 ndizo zinazokatwakatwa kama ile keki ya mnada: tatu za ruracio na safari, tano za mitihani, mbili za kwenda kufuata kibali cha utafiti na barua za kaunti, na zinazobaki za harusi yenyewe na fungate. 

Chuo nacho hakijui kama unaolewa, na kusema kweli hakijali. Pendekezo la utafiti linapitishwa na jopo, kibali kinaombwa NACOSTI, data inakusanywa, inachambuliwa, na vyuo vingi vinataka pia makala iliyokubaliwa kwenye jarida kabla hujavaa joho. Katikati ya hayo yote kuna msimamizi. Rafiki yangu alimtumia wake sura moja, ikarudi baada ya miezi minne ikiwa na maoni mawili, moja kuhusu nafasi kati ya mistari. Msimamizi wa namna hiyo ndiye anayeifanya harusi ishinde, kwa sababu mwenye keki hujibu ujumbe ndani ya dakika tano. Mtu aliyechoka humwendea anayemjibu.

Nikisema haya kwa wakubwa, jibu huwa moja: "Kitabu hakikimbii. Wewe ndiye unayezeeka."

Kitabu kinakimbia, shangazi. Usajili una muda wake na ukipita unaomba kuongezewa, na kila mwaka wa ziada una karo. Data ulizokusanya kwa wauza mboga wa Gikomba mwaka huu hazitakuwa na maana ileile baada ya miaka mitatu. Msimamizi anastaafu au anaenda kufundisha kwingine. Mwajiri aliyekubali kukulipia nusu ya karo anabadilisha sera. Zaidi ya yote, kichwa chenyewe kinapoa. Ukiacha hoja miezi sita unarudi unasoma aya yako mwenyewe kama barua ya mtu usiyemjua. Ukumbi wa harusi ndio usiokimbia. Nairobi na viunga vyake vimejaa bustani za kukodi kutoka Karen mpaka Kiambu Road, na kila Jumamosi ya mwaka zitakuwa pale, nyasi zimekatwa, zinangoja dipoziti.

Bwana harusi je? Tumtendee haki, siku hizi wengi wao wana nia njema. Shida iko kwenye lile neno lao, "kusaidia". "Niambie tu cha kufanya, nitasaidia." Anayesaidia si mwenye kazi. Na yule wa kumwambia cha kufanya lazima awe tayari amekaa chini, amefikiri, ameorodhesha, amekumbuka. Yaani sehemu ngumu imeshafanyika na kilichobaki ni kupiga simu. Nataka kusikia bwana harusi akisema, "Chakula, magari na ukumbi ni vyangu mpaka mwisho, usiniulize na usiulizwe," na shangazi akimpigia bibi harusi kuhusu pilau apewe namba ya bwana harusi. Waliofanya hivyo nawajua wawili. Mmoja wao mama yake alimuuliza kama amelishwa dawa.

Lakini kuna hoja moja inayonipa shida kweli, na siwezi kuiruka. Ni daftari la mama.

Mama wengi wa rika la mama yangu wana daftari kama hilo, la karatasi au la kichwani. Ndani yake mna kila harusi waliyochangia kwa miaka ishirini: mwana wa fulani, elfu moja, binti wa mwenzake wa chama, blanketi na sufuria, msichana wa jirani, siku mbili za kuchambua mchele. Hawakutoa kwa sababu pesa ziliwajaa. Walitoa wakijua ipo siku. Kwa hiyo binti akisema, "Mama, mimi sitaki harusi kubwa," mama anasikia kwamba akiba yake ya miaka ishirini imefutwa na mtu ambaye hakuweka hata shilingi. Tuache kuwacheka hao mama kwenye mtandao. Wanadai chao, na wana haki.

Ninachouliza ni kama deni hilo lazima lilipwe kwa muhula wa mwisho wa binti. Kama sherehe ni ya mama, na mara nyingi ni ya mama, basi mama awe mwenye sherehe kwa dhati: achague tarehe baada ya utetezi, aite kamati yake, wale wa daftari waje kwake na sufuria zao. Binti aje amevaa, acheze, ale, alie kidogo, aende nyumbani. Mgeni wa heshima hapangi viti.

Maana ndoa na karamu ni vitu viwili, na hilo tunalisahau huku bara. Nenda Lamu au Mombasa: nikahi inafungwa, walii yupo, mashahidi wapo, mahari yametajwa, watu wameoana. Vishindo vya kupamba na kula vinaweza kufuata siku nyingine, hata miezi baadaye familia zikijaliwa. (Sisemi kwamba pwani ni rahisi. Muulize bibi harusi wa Mombasa bei ya hina na ya dhahabu, na nani anapika.) Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inatambua ndoa za aina tano, ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na inasema wazi kwamba zote zikishasajiliwa zina hadhi sawa. Ya kiserikali inataka ilani ya siku 21, mashahidi wawili na ninyi wenyewe. Hata upande wa mila, sheria hiyo inasema pale mahari yanapohitajika kuthibitisha ndoa, sehemu ndogo ya ishara inatosha. Hakuna mahali inapotaja hema. Hakuna mahali inapotaja gari jeupe lenye utepe.

Siku 21 za ilani, siku 21 za likizo. Ukienda kwa msajili unatumia moja.

Sisi ndivyo tunavyofanya, na naandika haya ilani ikiwa imeshawekwa. Ijumaa asubuhi, Sheria House, Harambee Avenue, kisha chakula cha mchana na watu kumi na wawili. Wazee walishakaa, mbuzi walishatajwa, hakuna aliyevunjiwa heshima. Natetea tasnifu mwezi wa tano. Sherehe ya mama ni Agosti na mwenyekiti ni mama. Shangazi mmoja ametoka kwenye kikundi cha WhatsApp akituma ujumbe kwamba ndoa ya ofisini ni ya watu wanaojificha. Inaniuma, kwa sababu ndiye aliyenilipia karo ya kidato cha tatu, na nitamfuata kwake Murang'a nimweleze ana kwa ana. Ila sitamweleza kwa kuahirisha sura ya nne.

Najua si kila mtu anaweza. Kuna baba asiyekubali ndoa isiyo ya kanisani, kuna mchumba anayetaka siku yake kubwa, na kuna dada ambaye yeye mwenyewe anaipenda harusi, ameiota tangu utotoni, na hakosei. Afanye. Aifanye kubwa, barabara ifungwe. Ninachomwombea ni kwamba shahada isiwe ndiyo inayotoa pesa na usiku wake kugharamia sherehe hiyo huku kila mtu akijifanya haoni.

Na hapa nawageukia nyinyi mnaokaa kwenye kamati, maana wengi wetu ndio sisi, tunaokunywa chai ile mjini. Tunauliza kila kitu. Tunauliza wapambe ni wangapi, MC ni nani, mvua ikinyesha itakuwaje. Sijawahi kusikia mtu akiuliza bibi harusi anatetea lini. Kikao kijacho kiulize hilo kabla ya keki. Katibu aiandike tarehe hiyo juu kabisa ya kumbukumbu za kikao, mweka hazina aangalie kama kuna karo iliyobaki, na wiki sita kabla ya tarehe hiyo namba ya bibi harusi iondolewe kwenye kikundi. Maswali ya pilau yaende kwa bwana harusi. Yeye anayo simu pia.