Injini iliyofichwa nyaya haimfai mfanyabiashara wa mpakani

Miezi michache iliyopita nililala Longido nikiwa na matenga 8 ya nyanya ndani ya Probox. Nilitoka Arusha saa kumi jioni, nikitaka kuvuka Namanga usiku ili alfajiri mzigo uwe sokoni Kajiado. Kabla ya kufika Longido mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka kwenye boneti, gari likazima. Feni ya redieta ilikuwa haizunguki.

Fundi aliyeletwa na bodaboda alifungua boneti, akamulika tochi ya simu, akainama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Mama, waya wa feni umepita wapi?"

Sikujua. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye dereva, naye hakujua, ingawa yeye ndiye aliyelipeleka gari hilo gereji kurembwa. Wafanyabiashara wenzangu, nataka tuzungumze juu ya swali hilo la fundi, kwa sababu urembo huu unazidi kuingia katika magari tunayoyatumia kutafutia riziki.

Kwa asiyeujua, urembo wenyewe uko hivi. Injini hutolewa. Matundu yote ya bodi pale inapokaa huzibwa kwa kuchomelewa, hupakwa puti, husuguliwa na kupigwa rangi hadi ukuta wa chuma unakuwa laini kama mlango. Nyaya zote hufichwa, nyingi zikipitishwa nyuma ya madigadi. Boksi la fyuzi huhamishiwa chini ya dashibodi, betri huenda kwenye buti. Kila kinachoonekana ni uchafu wa macho huondolewa. Injini ikirudishwa hukaa peke yake kama chungu kwenye meza tupu. Mtindo huu ulikuzwa Marekani, Japani na Ulaya na watu wanaopeleka magari kwenye maonyesho. Gari la maonyesho husafiri kidogo, na mara nyingi mwenyewe ndiye fundi wake. Likizima, anajua alipoficha kila kitu.

Gari langu halina bahati hiyo. Likizima Longido linategemea fundi wa Longido, na likizima Kajiado linamtegemea wa Kajiado. Hawa hawajawahi kuliona. Wanachojua ni Probox kama ilivyotoka kiwandani, na wanaijua vizuri, kwa sababu imejaa katika barabara zetu. Fundi wa Busia anaweza kuishika rilei ya feni gizani akiwa amefumba macho. Ukiihamisha na kuificha, umemnyang'anya ujuzi wake, na wewe umejinyang'anya msaada.

Usiku ule ilibidi tushushe matenga yote kando ya barabara, kwa kuwa betri ilikuwa chini yake. Kisha fundi akafungua plastiki ya ndani ya digadi na kuikuta rilei ikiwa imejaa tope, miguu yake imeota kutu. Kiwandani huwekwa juu, ndani ya boksi lenye mfuniko, mbali na maji ya tairi. Rilei ni kifaa cha bei ndogo. Kuitafuta kulichukua hadi saa kumi na moja alfajiri. Nyanya zilizokaa usiku kucha kwenye umande na kushushwa mara mbili niliziuza nusu bei, na fedha nilizonunulia zilikuwa za VICOBA, marejesho Jumamosi. Wenzangu walinivumilia wiki moja, lakini jina langu lilisomwa.

Kulikuwa na kosa la pili. Chupa ndogo ya maji ya redieta ilikuwa imeondolewa kwa sababu "inaharibu mwonekano". Chupa ile ina kazi. Maji yakipata joto hutanuka, na yanayozidi hutoka kupitia mfuniko wa redieta kuingia kwenye chupa. Injini ikipoa, mfuniko huyavuta kurudi. Bila chupa, yanayotoka humwagika barabarani na kinachorudi ni hewa. Kila safari redieta inapungua kidogo bila wewe kujua. Mfuniko nao hushikilia shinikizo ili maji yasichemke mapema. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94, siyo 100. Mfuniko mbovu na chupa iliyotupwa vinaweza kuvumilika ukizunguka mjini bila mzigo. Mlimani, ukiwa umebeba, vitakuumbua.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa mpakani zaidi ya wote: namba ya chesisi. Katika Toyota nyingi zinazotoka Japani, namba hiyo imegongwa kwenye ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria, yaani mahali hasa panapopakwa puti na rangi. Afisa akitaka kulinganisha gari na kadi yake, au logibuku kama wanavyosema Kenya, atafungua boneti atafute namba. Akikuta ukuta laini usio na herufi hata moja, atafikiria gari la wizi, na mimi simlaumu. Mimi nilinusurika kwa sababu rangi ilikuwa nyembamba na tarakimu zilisomeka kwa tochi. Aliyefunikiwa kabisa asithubutu kukwangua kwa kisu palepale mpakani, maana namba yenye mikwaruzo inatia shaka kuliko iliyofunikwa. Aende kwa polisi na mamlaka ya usajili ya nchi yake kabla ya safari. Na aliyebadilisha injini ahakikishe namba mpya imeingia kwenye kadi.

Vijana wananijibu kwamba injini iliyosafishwa ina faida. Ni kweli, na nimeiona. Kwenye rangi nyeupe, tone moja la oili linaonekana asubuhi ileile, wakati kwenye injini yenye masizi lingekaa miezi. Nafasi ikiwa wazi, mkono wa fundi unafika kwenye plagi na belti bila kuchubuka. Wanasema pia kwamba gari safi humfanya dereva alijali. Yote nayakubali. Ninachokataa ni kufichwa kwa kitu ambacho mtu mwingine atahitaji kukiona usiku, na kuondolewa kwa kitu chenye kazi kwa sababu tu hakipendezi. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kama gari lako limesharembwa, usilikimbie. Litunze kwa namna yake, kwa sababu halitunzwi kama gari la kawaida.

Kwanza, nyaya zilizofichwa zikaguliwe kila baada ya miezi michache, hasa zinapopita kwenye tundu la chuma. Kila tundu liwe na mpira wa kuzuia chuma kisile plastiki ya waya. Waya ukichubuka na kugusa bodi, fyuzi ikikata una bahati. Isipokata, ni moto. Betri iliyohamishiwa buti lazima iwe na fyuzi kubwa karibu nayo kabisa, kwa kuwa waya wake mnene unapita chini ya gari lote. Ifungwe isitikisike, na iwe kwenye sanduku lenye tundu la kutolea gesi nje, kwa sababu betri ya asidi hutoa gesi inayoshika moto.

Pili, ethi. Rangi haipitishi umeme. Fundi akipaka rangi pale waya wa ethi unapofungwa, taa zitafifia, stata itasinzia, na utanunua betri mpya bure. Pakwanguliwe hadi chuma kionekane, waya ufungwe, kisha ndipo papakwe grisi. Kipimo cha umeme ni rahisi: betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4.

Tatu, usafishaji. Usiruhusu mpira wa maji ya kasi upige kwenye maungio ya nyaya. Kitambaa chenye unyevu na brashi vinatosha. Na chupa ya redieta irudishwe. Zipo ndogo zinazokaa pembeni bila kuharibu urembo wa mtu.

Nne, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, mwambie fundi achore. Karatasi moja inatosha: fyuzi ziko hapa, rilei ya feni iko hapa, waya huu unatoka huku unaenda kule, rangi yake hii. Itiwe plastiki na kubandikwa chini ya boneti, na picha yake ibaki kwenye simu ya dereva na ya mwenye gari. Iandikwe kwa Kiswahili. Nimefanya biashara na watu wa Arusha, Busia, Kigali na Goma, na katika gereji za njia hizi zote sijakosa fundi anayeelewa fyuzi, betri, waya na rilei vikitajwa kwa Kiswahili. Tunasema sana kwamba lugha hii inatuunganisha. Basi ituunganishe na fundi wa usiku.

Vyama vyetu vya wafanyabiashara vinaweza kusaidia kwa kukubaliana jambo moja: asilipwe fundi malipo ya mwisho kabla hajakabidhi karatasi hiyo, na kabla hajaonyesha namba ya chesisi ikisomeka. Huko si kumdharau fundi. Mzigo tunaandikiana, fedha ya VICOBA tunaandikiana, na gari linalobeba vyote viwili linastahili karatasi yake.

Probox yangu bado ni nyeupe ndani ya boneti, nami bado naipenda. Ila boksi la fyuzi na rilei vimerudi mahali pake pa zamani, betri imerudi mbele, na juu ya injini upo waya mmoja mwekundu ambao fundi wa Longido aliupitisha wazi alfajiri ile. Mtoto wa kaka yangu anataka kuuficha. Nimemkatalia.