Katibu na Fundo la Kazi



Wengi katika watoto wetu, wamalizapo masomo, huingia katika maofisi wakawa makatibu mahsusi wa wakuu. Watu wa nje huidhania kazi hii kuwa ni kupiga chapa barua, kupokea simu na kuwakaribisha wageni wakae. Sivyo. Katibu ndiye mlango wa mkuu wake, na kila shida iendayo kwa mkuu hupita mlangoni kwanza. Basi elimu kubwa ya kazi hii ni kujua kufungua mafundo, na neno letu la leo ni hili: fundo halifunguliwi kwa kulivuta, hutazamwa kwanza limefungwa wapi.

Tuchukue mfano. Wageni wawili wameandikiwa saa nne ya siku moja. Katibu mwenye pupa humpigia simu mmoja wao papo hapo akamwambia asije. Kisha hubainika kuwa huyo ndiye aliyesafiri kutoka Tanga kwa ajili ya mazungumzo hayo, na yule wa pili anakaa mtaa wa pili, na haja yake ni sahihi tu. Maswali matatu yangalimtosha. Ni lipi lisiloweza kuhamishwa? Ni nani atakayedhurika likichelewa? Na je, yuko mtu mwingine awezaye kulimaliza?

Mafundo mengine hufungwa na saa. Sisi twahesabu saa tangu kuchomoza jua, na Wazungu wahesabu tangu usiku wa manane. Basi kumi yao ya asubuhi ni saa nne yetu. Juu ya hayo, saa za London hugeuzwa mara mbili kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mkutano wa saa nne asubuhi ya London huangukia saa saba mchana kwetu katika Januari, na saa sita mchana katika Julai. Maskati nako wametutangulia kwa saa moja, na maofisi yao hufungwa Ijumaa na Jumamosi. Ofisi ya Dar es Salaam ifungwayo Jumamosi na Jumapili ina siku nne tu za kusemezana na Maskati, Jumatatu mpaka Alkhamisi. Katibu ajuaye haya hangoji Ijumaa akapeleka barua, kisha akalalamika kuwa hajibiwi, huipeleka Jumanne.

Ujuzi huu wa kutazama kabla ya kutenda si mgeni. Abdulhamid bin Yahya alikuwa katibu wa Marwan bin Muhammad, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya katika Sham, ambaye dola yake ilianguka mwaka 750. Aliwaandikia makatibu wenziwe risala ya nasaha, na Ibn Khaldun ameihifadhi katika Muqaddima yake. Humo amemfananisha katibu na mtu ajuaye kuongoza mnyama: hutafuta kwanza kuijua tabia yake, kama ni mwenye teke au mwenye kukimbia ovyo, kisha ndipo huchagua namna ya kumwendea. Nanyi vivyo hivyo, ijueni tabia ya mkuu wenu siku za salama, ili siku ya shida msianze kuisoma.

Kuna na fundo ambalo si lako kulifungua. Mkuu yu safarini, simu yake haipatikani, na karatasi yataka sahihi kabla ya saa tisa. Kuiga sahihi yake si ustadi. Ni kughushi, na aliyeandika ndiye atakayeulizwa. Dawa yake hutengenezwa kabla ya safari. Muulize mkuu: ukiwa hupatikani, nani atatia sahihi badala yako? Nami nina ruhusa ya kukata shauri katika mambo gani? Majibu yaandikwe. Na likitokea ambalo halikutajwa, mwendee naibu wake, au umwombe mwenye kutaka karatasi akuongezee muda, ukimweleza sababu kwa kweli.

Na umwendeapo mkuu, usimwendee na kilio kitupu. Mwandikie karatasi moja tu: jambo ni hili, mwisho wake ni saa fulani, njia ni mbili, kila moja ina faida hii na hasara hii, nami naona ya kwanza ni bora. Hapo atahitaji kusema neno moja. Akichagua ile usiyoipenda, itende kana kwamba ni yako, maadamu ni halali.

Twasema maadamu ni halali, kwa kuwa siku moja utaambiwa, "Mwambie sipo," na mkuu yumo chumbani. Uongo haukulazimu. Sema, "Hawezi kuonana nawe sasa, niachie khabari nimfikishie." Mlango umefungwa, na ulimi wako umesalimika.

Lakini khatari iliyo kubwa kuliko zote ni kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Barua ya zabuni iliyosahauliwa Jumatatu hutengenezeka Jumatatu. Ikifichwa hata Ijumaa, zabuni imekwisha fungwa, na riziki ya watu imepotea kwa ajili ya hofu ya mtu mmoja. Wala hutaulizwa tena, "Kwa nini ulisahau?" Utaulizwa, "Na jingine gani umetuficha?" Swali hilo halina jibu, na katibu asiyeaminiwa hana kazi, hata vidole vyake viwe vyepesi namna gani.

Nanyi wazazi, msidhani kuwa mambo haya hufundishwa ofisini tu. Mtoto avunjapo kikombe akaja mwenyewe kusema, akapigwa kwa kusema, amekwisha jifunza kwamba kuficha kuna faida. Naye atakwenda na somo hilo mpaka kwenye meza ya kazi. Mpokeeni ukweli wake kwanza, kisha mwambieni akafagie vigae na afikiri kikombe kingine kitapatikanaje.